Jiwe la chokaa ni kundi gani kati ya miamba mashapo? Kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa

Msomi_wa_Usiku

Wakuu habari za humu. Najisomea jiolojia mwenyewe, sina mwalimu, kwa hiyo mkiona swali ni la kitoto mnivumilie. Miamba ya moto nimeielewa, uji wa moto unapoa unakuwa jiwe, basi. Miamba geu nayo sawa, joto na mgandamizo. Ila hii miamba mashapo imenitoa jasho. Kwenye notsi zangu nina makundi matatu, ya vipande vya mawe mengine, ya kikemikali na ya viumbe hai. Sasa jiwe la chokaa nalikuta kundi la pili, nikifungua ukurasa mwingine liko la tatu, halafu nikaona mtu anaelezea chokaa ambayo ni vipande vilivyosukumwa na mawimbi, yani kundi la kwanza! Sasa lipi ni lipi?

Na la pili, mchanga ukikaa chini ya maji unakuwaje jiwe? Maana mchanga wa baharini upo miaka yote na bado ni mchanga, ukiushika unamwagika. Nini kinaugandisha? Naombeni mnielezee kwa maneno yenu, linki nimeshazisoma mpaka basi.

Pita_Kushoto

Usijitese mkuu. Kariri makundi matatu, chokaa weka kwa viumbe hai, songa mbele na maisha.

NyundoNaLenzi

Yani mtu kauliza kwa nini, jibu eti akariri, ndo maana watu wanaikimbia jiolojia. Mkuu Msomi swali lako zuri sana, ngoja nianzie mbali kidogo.

Weka pembeni hayo makundi matatu. Jiulize kwanza mlima unaondokaje. Unaondoka kwa njia mbili, ama unavunjika na vipande vinabebwa na maji, upepo au barafu vikiwa vigumu hivohivo, ama unayeyuka na kubebwa ndani ya maji bila mtu kuona, mto unaonekana msafi kabisa kumbe umebeba mlima. Chukua graniti, ndani yake kuna madini matatu, kwatzi, feldispa na maika. Mvua ikipita hewani inachukua kaboni dayoksaidi inakuwa na asidi kidogo, maji hayo yakikaa kwenye nyufa miaka na miaka feldispa inaoza inageuka mfinyanzi, na wakati inageuka inaachia sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinaondoka na maji. Kwatzi yenyewe haijali, inabaki punje punje na kuporomoka. Hapo graniti moja imeshakupa mchanga, mfinyanzi na chumvi zilizoyeyuka na kila kimoja kinashika njia yake. Mwanajiolojia Goldich mwaka 1938 aliyapanga madini kwa jinsi yanavyohimili kuoza, yale yanayoganda kwenye joto kali zaidi kama olivini ndo yanatangulia kufa na kwatzi ndo inabaki ya mwisho. Kwa hiyo ukiona mchanga mwingi duniani ni kwatzi usidhani miamba mingi ni kwatzi, ni kwamba wenzake wameishia njiani.

Vile vilivyobebwa vikiwa vigumu ndo kundi lako la kwanza, na vinapewa majina kwa ukubwa wa punje. Vipimo vinavyotumika mpaka leo ni vya Wentworth wa 1922: chini ya milimita 0.004 ni mfinyanzi, hapo mpaka 0.0625 ni silti, 0.0625 mpaka milimita 2 ni mchanga, kuanzia 2 ni changarawe na kokoto, na jiwe likivuka milimita 256 hilo ni jabali. Hizi namba zinakwambia nguvu ya kilichobeba. Mto unaoshuka kwa kasi unasukuma kokoto, ukifika tambarare unachoka unaacha kokoto kwanza, kisha mchanga, na tope linaenda mpaka pale maji yanapotulia kabisa. Changarawe za mviringo zikigandishwa pamoja unapata konglomereti, zikiwa na kona kali unapata breksia, na kona kali maana yake hazikusafiri mbali, pengine zimeporomoka tu chini ya genge. Barafu haina uchaguzi, inaacha jabali na unga wa mawe chungu kimoja. Upepo kinyume chake, unachagua mpaka inaboa, mchanga wa jangwani punje zote karibu saizi moja.

Tope ndo lina vituko. Chembe za mfinyanzi zinaelea siku nyingi, zikifika kwenye maji ya chumvi zinashikana, zinakuwa nzito zinazama, ndo sababu mojawapo ya delta kuwa na matope kiasi kile. Na likishatulia, kulichimbua tena kunataka maji ya kasi kuliko ya kuinua mchanga, maana chembe zimeng'ang'aniana, Hjulström alilichora hilo mwaka 1935 na grafu yake bado inafundishwa. Zaidi ya nusu ya miamba mashapo yote duniani ni ya tope, ila hakuna anayeipiga picha.

Yale yaliyoyeyuka ndo yanazaa kundi la pili na la tatu. Yaani hayo mawili ni ndugu, tofauti ni nani kayatoa kwenye maji, kiumbe au kemia yenyewe. Shikilia hapo, chokaa nawaachia wenzangu.

Msomi_wa_Usiku

Aisee hiyo ya graniti moja kuzaa vitu vitatu sijaiona popote, asante sana mkuu. Nasubiri la mchanga kuganda.

Dada_Jabali

Hilo la kuganda nilichukue mimi. Kaka Msomi, mchanga unaoushika wewe bado haujazikwa. Upo juu juu, mawimbi yanaugeuza kila siku. Mwamba unaanza pale sehemu ya ardhi inapokuwa inatitia polepole na mashapo mapya yanakuja juu ya yale ya zamani bila kukoma, mpaka yale ya chini yanajikuta yako mamia ya mita, hata kilomita kadhaa chini. Bila kutitia hakuna nafasi, na bila nafasi mto utabeba tu kila kitu uendelee nacho.

Huko chini yanatokea mambo mawili na watu wengi wanataja moja tu. La kwanza kugandamizwa. Tope likiwa bichi zaidi ya nusu yake ni maji, uzito ukija juu maji yanakamuliwa, vile visahani vya mfinyanzi vinalala vyote upande mmoja, ndo maana sheli, yani mwamba wa tope, ikipasuka inatoka bapa bapa. Mchanga haukubali kugandamizwa kirahisi hivyo kwa sababu punje ni ngumu na zimeshaegemeana, ukiwa mbichi karibu asilimia 40 ni nafasi tupu na uzito peke yake hauzimalizi. Hapo ndo linakuja la pili, gundi. Maji yaliyomo kwenye hizo nafasi yanatembea, polepole sana lakini yanatembea, yamebeba silika (ile ya kwatzi), kalsaiti (kalsiamu kaboneti) au chuma, na hali ikibadilika kidogo, joto au kemia, yanaacha utando kwenye punje. Utando unaongezeka mpaka punje zinashikana. Gundi ya silika inakupa jiwe gumu kweli kweli, ya kalsaiti inaliwa na asidi, ya chuma inakupa rangi ya kutu. Na pale punje mbili zinapobanana sana, kwatzi yenyewe inayeyuka kidogo kwenye ile sehemu ya kugusana na kwenda kuganda pembeni, kwa hiyo mchanga mwingine unajitengenezea gundi yake mwenyewe.

Yote haya kitaalamu yanaitwa dayajenesisi, na yanaendelea mpaka joto kama nyuzi 200 za selsiasi hivi, ukivuka hapo unaanza kuingia kwenye miamba geu.

Kuna kitu kimoja kinaharibu hii stori ya mamilioni ya miaka nacho ni kizuri. Kwenye fukwe za joto kuna mwamba unaoganda palepale kati ya maji kupwa na kujaa, kalsiamu kaboneti inaganda haraka kiasi kwamba watu wamekuta chupa na vipande vya vyuma vya kisasa vimenaswa ndani ya jiwe. Miongo michache tu. Kwa hiyo kuzikwa chini kabisa sio lazima, cha lazima ni gundi.

Matumbawe77

Nyundo kashafungua mlango, mimi naingia na chokaa. Msomi, shida yako imetoka kwenye jina. "Konglomereti" ni jina linalokwambia jiwe limetokeaje. "Chokaa" linakwambia tu ni la nini, yani kalsiamu kaboneti, halijasema chochote kuhusu njia. Ndo maana unalikuta kila kundi na wote waliokuandikia wako sahihi.

Angalia njia zake. Ile miamba myeupe ya Dover Uingereza ni chaki, ukiweka chini ya hadubini ya nguvu unaona ni visahani vidogo vya mwani wa baharini, upana wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, vilivyonyesha chini ya bahari mamilioni ya miaka. Hiyo ni ya viumbe bila ubishi. Nenda kwenye mapango, maji ya kudondoka yanapoteza kaboni dayoksaidi yanaacha kaboneti, nguzo inakua kutoka juu na chini. Hiyo kwa sehemu kubwa ni kemia. Sasa nenda Bahamas kwenye maji ya kina kifupi, kuna punje za mviringo saizi ya mchanga zinazoviringishwa na mawimbi huku zikijiongezea utando wa kaboneti mmoja juu ya mwingine, ukizikata unaona miduara. Zimetoka kwenye maji kikemia, ila zimeviringishwa na kupangwa kama mchanga mwingine wowote! Na matumbawe yakivunjwa na dhoruba vipande vyake navyo vinaburutwa, vinapangwa kwa ukubwa, vinatengeneza tabaka zilizolala mshazari sawasawa na za mto. Ndo ile uliyoisoma ukaiona kundi la kwanza.

Kwa hiyo wanaoishughulikia chokaa kila siku waliachana na hayo makundi matatu. Folk alitoa mpangilio wake 1959, Dunham akatoa wake 1962, mimi namkubali Dunham kwa sababu maswali yake ni machache na unaweza kuyajibu ukiwa umesimama mbele ya jiwe. Je punje zinagusana au zimeelea kwenye tope? Kama zimeelea, ni nyingi au chache kuliko asilimia 10? Kama zinagusana, katikati yake kuna tope au hakuna? Au zilijifunga tangu zilipokua, kama tumbawe? Fikiria basi la abiria, kuna ambalo watu wawili watatu wamekaa mbalimbali na kuna ambalo wamebanana mpaka hewa haipiti, ukiliona tu unajua limepita wapi. Punje zinagusana na tope hamna, ujue maji yalikuwa yanachafuka na tope likafagiliwa. Tope tupu, maji yalikuwa yametulia. Umerudi palepale kwenye nguvu ya maji aliyoisema Nyundo, ila safari hii kwenye chokaa.

Ukibanwa kwenye mtihani uweke kundi moja, weka viumbe hai, nyingi imetoka huko. Hapo Pita_Kushoto hajakosea.

Pita_Kushoto

Asante. Naomba mod aiweke hiyo sentensi ya mwisho juu kabisa 😂

Kaa_la_Jana

Nina pingamizi kwa Nyundo. Njia mbili tu, kuvunjika na kuyeyuka? Makaa ya mawe je? Hayajavunjika kutoka mlima wowote wala hayakuyeyuka kwenye mto.

NyundoNaLenzi

Pingamizi limepokelewa Kaa. Makaa yametoka hewani, mmea umevuta kaboni ukajenga mti, mti ukaanguka kwenye kinamasi. Kawaida ungeoza ukarudi hewani wote, ila maji ya kinamasi yakiwa hayana oksijeni kuoza kunaishia katikati, inabaki peti, yani mimea iliyooza nusu, ikizikwa inakamuliwa inakuwa lignaiti, makaa machanga, baadaye makaa yenyewe. Antrasaiti iliyo mwisho wa mstari wengi wanaiweka kwa miamba geu tayari. Makaa mengi ya Ulaya na mashariki ya Marekani ni ya kipindi cha Kaboniferasi, miaka milioni 359 mpaka 299 iliyopita. Kwa hiyo ndio, hayo yana mlango wake wa pembeni. Hayajashika hata asilimia ndogo ya kueleweka ya miamba mashapo kwa ujazo, ila kwa historia ya viwanda yamebeba kila kitu.

Chumvi_Jabali

Mmeruka kundi ninalolipenda mimi. Yale yaliyoyeyuka yakikosa kiumbe wa kuyala na maji yakaanza kukauka, yanaganda kwa foleni. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Yakianza kukauka kaboneti inatangulia kidogo, yakibaki kama moja ya tano jasi inaanza kuganda, yakibaki kama moja ya kumi ndo chumvi yenyewe ya kula, na mwisho kabisa zile za potasiamu na magnesiamu ambazo kiasili huzipati sana kwa sababu bahari mara chache inakauka mpaka tone la mwisho.

Sasa piga hesabu hii, mimi ilinipa shida kulala. Kausha bahari yenye kina cha mita 1,000 yote, unapata chumvi ya unene usiofika mita 20. Lakini chini ya Mediterania kuna chumvi ambayo sehemu nyingine inapita kilomita moja. Ilitokea kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita, njia ya maji kutoka Atlantiki ilipobanwa. Kukausha mara moja hakuwezi kutoa chumvi ile, lazima maji ya bahari yalikuwa yanaendelea kuingia huku jua linakausha, kwa muda mrefu. Namna hasa ilivyokuwa, bahari ilishuka kiasi gani, mpaka leo wanabishana. Ila unene wa tabaka peke yake umeshakwambia kulikuwa na mlango uliobaki wazi kidogo.

Msomi_wa_Usiku

Kichwa kimejaa ila kwa uzuri. Swali la mwisho, nina kipande cha jiwe jekundu, nimekidondoshea asidi hafifu kikatoa mapovu, nikaandika chokaa. Sasa baada ya kumsoma Dada Jabali nimeanza kuwa na wasiwasi. Nimejuaje?

Dada_Jabali

Wasiwasi wako ni wa haki. Vunja kipande upate uso mpya, ule wa zamani umekaa hewani unadanganya. Chukua lenzi, angalia kama unaona punje moja moja. Ukiona punje zinazong'aa kama kioo zenye mpasuko usio na mpangilio, hizo kwatzi. Ukiona zenye nyuso bapa zinazomulika ukizigeuza kwenye mwanga, za pinki au nyeupe, hizo feldispa. Halafu dondosha asidi huku unaangalia kwa lenzi (kwa mbali jamani, na miwani uvae), uone povu linatoka kwenye punje au katikati ya punje. Baada ya hapo weka kipande kidogo ndani ya asidi ukiache mpaka mapovu yaishe. Chokaa safi itapotea karibu yote. Mwamba mchanga wenye gundi ya kalsaiti utabomoka, unabaki na mchanga chini ya chombo.

Matumbawe77

Na likitokea jiwe halitoi mapovu kabisa, kwaruza upate unga kisha dondosha kwenye unga. Likianza kuchemka hapo hiyo ni dolomaiti, magnesiamu imeingia humo, mara nyingi baada ya chokaa kushaganda.

Msomi_wa_Usiku

Nimerudi. Povu lilikuwa linatoka katikati ya punje, na chini umebaki mchanga mwekundu, punje nyingi za kioo na za pinki zipo kama moja katika kila tatu hivi. Kona zake kali kali. Chokaa nimeifuta kwenye daftari.

NyundoNaLenzi

Moja katika tatu? Basi hiyo ni akozi, aina ya mwamba mchanga, feldispa ikivuka robo ya punje ndo jina lake. Na hilo ni jiwe lenye maneno, maana nilisema feldispa inaoza, sasa kama imefika ikiwa nzima na kona zake bado kali ina maana ilitoka kwenye graniti ya karibu, ikazikwa haraka kabla mvua haijaimaliza, ama hali ya hewa ilikuwa kavu au ya baridi. Wekundu ni utando mwembamba wa oksaidi ya chuma juu ya punje, unapatikana pale maji yanayopita yana oksijeni, kwa hiyo ningeanza kufikiria mto au miguu ya milima kabla ya bahari. Angalia kama kwenye jiwe lenyewe kuna tabaka zilizolala mshazari, na upime ni upande gani zinaelekea, kule zinakoinamia ndo maji yalikuwa yanaenda, graniti yako itafute upande wa pili.

Msomi_wa_Usiku

Mshazari ipo, nilidhani ni nyufa. Naenda kupima.